Bustani ya kumbukumbu kwenye mgodi uliofungwa: udongo, bomba, na jina la baba yangu

Binti_Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, salaam. Swali langu ni refu, mnivumilie. Nikilifupisha litaonekana la kijinga.

Kijiji chetu kilizaliwa na mgodi wa makaa ya mawe, na mgodi ukafungwa nikiwa darasa la sita. Vilivyobaki ni vitatu: mlima wa magwangala (mabaki ya mawe na vumbi yaliyotolewa mgodini) nyuma ya zile nyumba za safu, gurudumu lililokuwa likiteremsha kizimba cha wachimbaji (wanunuzi wa chuma chakavu wamelimezea mate miaka yote), na uwanja mtupu palipokuwa na mdomo wa Shimo Namba Mbili. Shimo lenyewe limezibwa kwa zege. Chini ya zege hilo kuna wanaume 14. Moto ulizuka ndani, wenzao wakahangaika siku nne kuwafikia, siku ya tano ikatoka amri shimo lizibwe ili moto ukose hewa. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama pale getini. Haya nayajua kwa kusimuliwa, ingawa kuna siku najikuta nayakumbuka.

Sasa tumekabidhiwa uwanja ule tuufanye bustani ya kumbukumbu. Kamati ni watu saba, mimi ndiye katibu. Tunataka ukuta wa majina, mabenchi, maua, miti ya kivuli, na njia ambayo kiti cha magurudumu kinapita, maana wazee wetu wengi magoti yalibaki kulekule chini.

La kwanza ninalouliza ni udongo. Tulipanda maua ya majaribio pembezoni, yakanyauka kuanzia kwenye ncha kana kwamba yameunguzwa na moto. Tukapanda tena, tukamwagilia sana, yakafa haraka zaidi.

La pili ni majina, na hapa ndipo tulipogombana.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliozama kuwatafuta wale 14. Alitoka mzima. Akaendelea na kazi, zamu ya usiku, hadi mgodi ulipofungwa. Kikohozi alikuwa nacho muda mrefu, lakini pale kijijini mwanamume asiyekohoa ndiye aliyeulizwa anaumwa nini. Baada ya kufunga ndipo kikamkamata kweli. Alilala ameketi. Kutoka mlangoni hadi bombani ni hatua 22, na mwaka wa mwisho aliweka kigoda katikati ya njia, kwenye hatua ya 11 kamili, apumzike akienda na apumzike akirudi. Kile kigoda kilikuwa kinaniudhi. Nilikijikwaa usiku mara mbili, na mara ya pili nilikirusha uani. Asubuhi nikakuta kimerudi palepale, na aliyekirudisha ilimbidi atembee bila pa kupumzikia.

Alifariki miaka tisa baada ya mgodi kufungwa. Karatasi ya hospitali imeandika "kushindwa kupumua", basi.

Mwenyekiti wetu anasema ukuta ni wa waliofia shimoni. Waliofia vitandani hawamo. Maneno yake: "Tukiufungua mlango huo tutaandika kijiji kizima." Nikamjibu, basi kiandikwe kijiji kizima. Nilijibu kwa hasira mbele za watu na najua nilikosea namna, lakini neno lenyewe silirudishi.

Kikao kingine ni baada ya wiki tatu. Aliyewahi kupitia jambo kama hili anisaidie. Naomba kuwasilisha.

---

UdongoKwanza:

Dada pole sana kwa mzee. Mimi nijibu la udongo tu, hayo mengine wapo wenye busara zao.

Maua yako hayakuunguzwa na jua. Yameunguzwa na asidi. Magwangala ya makaa ya mawe mara nyingi yana madini ya piriti, yaani chuma na salfa vilivyoshikana. Ardhini yanakaa kimya. Yakichimbuliwa yakakutana na hewa na maji, yanazalisha asidi ya salfa, ileile ya betri ya gari. Kwa hiyo kila ulipomwagilia ulikuwa unaikoroga. Angalia madimbwi baada ya mvua: kama yana rangi ya kutu, jibu unalo. Na kama maji ni maangavu kupita kiasi, hayana hata mdudu wala ukungu wa kijani, usishangilie, hiyo nayo ni dalili.

Usianze na maua. Chimba sehemu kumi tofauti, changanya udongo, peleka maabara wapime pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), na waambie wazi kwamba ni eneo la mgodi ili wapime na madini mazito. Waombe pia wapime asidi ambayo bado haijatoka. Hapa ndipo wengi wanapoumia: unaweka chokaa kulingana na kipimo cha leo, pH inapanda, mnapiga picha, mwaka unaofuata piriti iliyobaki inaendelea na kazi yake na bustani inarudi jangwa.

Baada ya chokaa, leta udongo safi kutoka nje, angalau nusu mita kwa maua, zaidi kwa miti. Pasua kwanza sakafu ya chini, maana malori ya mgodi yameishindilia ikawa kama lami na mizizi haitapita. Anza na mimea ya jamii ya kunde na miti inayojitengenezea naitrojeni. Mboga na matunda ya kuliwa, hapana, hata kama mtu atakuambia ni mchicha kidogo tu.

Ukitaka moyo, tafuta habari za machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa. René Haller alianza pale mwaka 1971 kwenye mwamba mtupu, kweupe kama sahani. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu: mvinje, mnazi na konokapasi. Mvinje ndio uliofanya kazi, lakini majani yake yakawa yanarundikana hayaozi, mpaka alipoleta majongoo wakayatafuna yakawa mboji. Leo ni msitu. Ila angalia usinakili kila kitu: kule ni mwamba wa matumbawe, shida yao ni kinyume cha asidi. Nilichotaka uchukue ni kwamba alijaribu 26 akapata tatu, na hakukasirika.

---

MzeeWaTaa:

Binti, nimesoma. Mimi nilikuwa mpima gesi miaka 26, natembea na taa mbele ya zamu kabla hawajaingia. Kabla sijasema lolote: pale kwenye zege pana bomba?

---

Binti_Zamu_ya_Usiku:

Shikamoo mzee. Ndiyo, lipo. La chuma, urefu kama mtu mzima, limepinda juu kama mkongojo. Kwenye mchoro wetu tumelizungushia maua yanayotambaa ili lisionekane, na ndiyo sehemu tutakayowasha mishumaa 14 kila mwaka tarehe ya ajali.

---

MzeeWaTaa:

Marahaba. Mishumaa hapo MSIWASHE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Hilo bomba ni pua ya shimo. Mgodi ukifungwa haufi siku hiyohiyo, unaendelea kutoa methani, gesi inayowaka, kutoka kwenye makaa yaliyobaki, na kadiri maji yanavyojaa chini ndivyo gesi inavyosukumwa juu. Wameweka bomba ili itoke taratibu hewani badala ya kujitafutia njia kwenye sakafu ya nyumba ya mtu. Methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15, mshumaa mmoja unatosha.

Na haitoki sawasawa kila siku. Kanieneo (mgandamizo) ya hewa ikishuka, kama zile saa kabla ya dhoruba, shimo linatoa pumzi. Ikipanda, linavuta. Kwa hiyo msije mkapima siku ya jua kali mkaambiana pako salama. Kuna na hewa nyingine isiyo na oksijeni, nzito, inajilaza kwenye vibonde. Haina harufu, wala haikohozi kukuonya. Msichimbe kidimbwi wala ngazi za kushuka karibu na pale, hata kama mchoro unapendeza.

Taa yetu ilikuwa ya muundo wa Humphry Davy wa mwaka 1815, moto ndani ya wavu wa chuma. Ukiona kofia ya bluu imekaa juu ya ulimi wa moto ujue gesi ipo, na kimo chake kinakuambia ni kiasi gani. Nimeitazama kofia hiyo ya bluu maelfu ya mara, na sikuwahi kuzoea. Ndiyo maana nakugombeza kuhusu mishumaa na hata jina lako silijui.

Fanyeni hivi. Ombeni kwa mamlaka ya madini kumbukumbu za kuzibwa kwa shimo: zege unene gani, limekalia mwamba au kifusi, linabeba uzito kiasi gani. Mpaka mpate karatasi hiyo, ukuta usijengwe juu yake na mti mkubwa usipandwe juu yake. Bomba liacheni wazi, lipakwe rangi, lizungushiwe uzio, liandikwe ni nini. Watoto wanaokuja wajue. Kulifunika kwa maua ni kulisahau, na fundi atakayekuja miaka 30 ijayo atalikata.

Swali langu lingine: una kipande cha baba yako?

---

Msoma_Makaburi:

Mimi nizungumzie majina, nimewahi kusaidia orodha kama hiyo.

Kwanza, kila jina lipite vyanzo vitatu kabla ya kuchongwa: daftari la mishahara, daftari la ibada au mazishi, na familia yenyewe. Daftari la mgodi ndilo baya kuliko yote. Karani aliandika alivyosikia, na vibarua wengine waliandikwa kwa jina la mwenye nyumba waliyopanga. Chapisha orodha, ibandike ukutani mwezi mzima, weka kalamu na kamba. Utashangaa. Pili, itale hudumu kuliko marumaru, marumaru huliwa na mvua yenye asidi. Vibao vya shaba vinaibwa. Tatu, acha nafasi tupu. Daima kuna jina linalokuja siku ya uzinduzi likiwa mkononi mwa bibi mmoja.

Kuhusu baba. Mvutano wenu si wenu peke yenu. Ukuta wa wanajeshi wa Vietnam pale Washington ulizinduliwa 1982, una majina zaidi ya 58,000, na ulikuwa na kanuni kali za nani anaingia. Waliorudi nyumbani wakafa baadaye kwa kemikali au kwa majeraha ya akili hawakuingia. Familia zikadai miaka mingi, mwaka 2004 pakawekwa bamba karibu na ukuta kwa ajili ya waliofariki baadaye kutokana na utumishi wao. Halina majina, lakini lipo. Labda mwenyekiti atakubali kitu cha namna hiyo: kibao cha pembeni kwa waliouawa na vumbi.

Na akisema vumbi si ajali, mwambie Afrika Kusini mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia kwa wachimbaji wa dhahabu waliopata silikosisi (ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe) na kifua kikuu, na familia za waliokwisha kufa zimo. Ugonjwa wa vumbi unaweza kuendelea hata mtu akiwa ameacha kazi. Hiyo inajulikana.

---

Bwana_Hesabu:

Pesa hizo si zingejenga zahanati? Wafu hawanusi maua.

---

MzeeWaTaa:

Bwana Hesabu, zahanati idaini. Mimi nitatia sahihi. Huku tunaongea habari ya gesi.

---

Binti_Zamu_ya_Usiku:

Mzee, nimesoma la bomba nikaishiwa nguvu. Nimempigia fundi wa michoro, mishumaa imefutwa.

Msoma_Makaburi, nashukuru sana kwa la majina, kalamu na kamba tunafanya kesho. Lakini kibao cha pembeni, hapana. Nimekaa nalo siku mbili nione kama ni kiburi. Labda ni kiburi. Ila baba alikuwa wa pembeni tayari. Alipokwenda kudai, ofisi ilimwambia alete ushahidi kwamba mapafu yameharibiwa na mgodi na si na moshi wa jikoni kwake. Akarudi nyumbani, mtu ambaye chai ilikuwa inamshinda kupuliza, akaniuliza mimi ushahidi unaletwaje. Leo nimwandikie "na wengineo"?

Mzee, kipande unamaanisha kile cha shaba? Cha duara, kina tundu juu? Ninacho. Namba 317. Mama alikuwa anakitumia kama uzito wa pazia, kimekwaruzwa upande mmoja.

---

MzeeWaTaa:

Hichohicho. Na hapo ndipo nilipotaka tufike.

Kila mtu alikuwa navyo viwili vya namba moja. Kimoja unamkabidhi mlinzi wa mdomo wa shimo, anakitundika ubaoni. Kingine unashuka nacho. Ukipanda unachukua chako, ubao unabaki mtupu kwenye msumari wako. Msimamizi hakuhitaji kumwita mtu. Alitazama ubao, akajua nani bado yuko chini. Siku ya ajali watu hawakukimbilia shimoni, walikimbilia ubao.

Baba yako alichukua kipande chake jioni ile ya siku ya nne na ubao ukasema katoka. Ubao ulikosea, binti. Sehemu yake haikutoka.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana nimekuwa kwenye vikao hivyo. Mwenyekiti wenu ni nani kwa wale 14?

---

Binti_Zamu_ya_Usiku:

Kaka yake mkubwa yuko chini. Alikuwa na miaka 19.

Sikuiandika mwanzoni. Nadhani nilijua kwa nini siiandiki.

---

Mwana_wa_Kilima:

Naingilia hapo. Dada, huyo mwenyekiti halindi kanuni. Analinda kaburi.

Migodi ambayo miili haikutolewa ni jambo la aina yake. Coalbrook, Afrika Kusini, 21 Januari 1960, watu 435, wamebaki chini hadi leo. Wankie, ambako sasa ni Hwange, Zimbabwe, 6 Juni 1972, zaidi ya 400, shimo likazibwa, wachache mno ndio waliotolewa. Familia hazikupata pa kuweka jiwe. Mkija kuweka ukuta mahali pale, kwako ni orodha ya heshima, kwake yeye ni jiwe la kaburi, na wewe umekuja kuomba baba yako achongwe kwenye kaburi la kaka yake. Huenda hata yeye mwenyewe hajaliweka hivyo kichwani.

Nendeni kwa zile familia 14 moja moja, kabla ya kikao. Mkae, msikilize. Wakitaka zege liachwe bila maua kabisa, liachwe.

Pia muulizane nani atapalilia mwaka wa kumi. Aberfan kule Wales, mlima wa magwangala ulishuka juu ya shule tarehe 21 Oktoba 1966 ukaua watu 144, watoto 116. Bustani ya kumbukumbu iko pale shule ilipokuwa. Mnajua nani alichangia kuondoa magwangala yaliyobaki juu ya kijiji? Serikali ilichukua pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa michango ya wafiwa. Zilirudishwa 1997, kiasi kilekile bila riba. Mwaka 2007 serikali ya Wales ikatoa pauni milioni 2, sehemu kubwa ikaenda kwa chombo kinachotunza makaburi na bustani, maana mawe nayo yanazeeka na yanahitaji fundi. Kwa hiyo kabla ya kununua ua la kwanza, andikeni kwenye katiba ya kamati nani anashika ufunguo wa fedha za matunzo, na kwamba haziguswi kwa kazi ambayo ni ya mwenye mgodi au ya serikali. Kama mlima wenu wa nyuma ya nyumba unavuja maji, hilo si la bustani kulipia.

---

UdongoKwanza:

Naunga mkono hapo mwisho kwa mikono miwili. Dada, mlima huo una mtaro? Maji yakitoka juu yakapita bustanini, chokaa yote mtakuwa mnamwaga kwa kijiko huku inaondolewa kwa ndoo. Mtaro kwanza, uzunguke bustani, usiipitie.

---

Binti_Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, nimerudi. Kikao kimefanyika juzi.

Nilizipitia familia 12 kati ya 14, mbili zilihama na hatujapata mawasiliano. Kwa mwenyekiti nilienda wa mwisho, jioni, peke yangu. Nilianza kwa kuomba radhi kwa yale ya siku ile. Hakujibu, akaniuliza kama baba aliwahi kusema waliwakaribia kiasi gani. Nikamwambia ukweli, kwamba baba alisema siku ya tatu walisikia bomba la hewa likigongwa, na siku ya nne hawakusikia. Hilo sikuwahi kulisema kwa mtu. Tulikaa mpaka taa za barabarani zikawaka. Habari ya ukuta hatukuigusa kabisa.

Kwenye kikao nikaeleza ubao wa vipande, Mzee, kama ulivyoniandikia. Pendekezo: pale kwenye zege pabaki peupe, kokoto tu na jiwe moja lenye majina 14, ni kaburi lao na hakuna mwingine anayeandikwa hapo. Bomba lionekane, lina uzio na maelezo. Ukuta uende upande wa lango, mbali na zege, na usiwe ukuta wa waliokufa. Uwe ubao: misumari na namba, kila aliyewahi kuwa na kipande na sasa ni marehemu, bila kuandika alikufa lini wala kwa nini. Asidaiwe mtu karatasi ya daktari. Wale 14 nao wawemo kwa namba zao, kama kila mtu.

Mwenyekiti akasema, "Kwa hiyo na yule msimamizi aliyekuwa akitukata siku zetu naye anaingia?" Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Tumebishana saa nzima juu ya yule msimamizi na hatujamaliza. Kina mama waliokuwa wakichambua makaa juu, ambao hawakupewa vipande, nao wameibuka kuwa swali, na aliyelileta ni mama yangu kutoka kiti cha nyuma. Hilo limeahirishwa. Ila ubao umepita, watano kwa wawili, na mwenyekiti alikuwa kwenye wale watano. Kisha akatoka nje, nyumba yake ni mlango wa tatu kutoka ukumbini, akarudi na kipande kimefungwa kwenye leso. 288. Walipewa kile cha ubaoni. Kile kingine kiko chini.

UdongoKwanza, majibu ya maabara: pH 3.6, na asidi iliyolala wamesema ni nyingi. Mtaro tumeanza kuchimba, kwa kujitolea, Jumamosi mbili sasa. Maua hayatapandwa mwaka huu, nimewatangazia na wamenuna.

Vipande vya ukutani haviwi vya shaba, kwa sababu mnazozijua. Tumeamua vigae vya udongo wa kuchoma, kila familia igandamize kipande chake halisi kwenye udongo mbichi, na waliopoteza vyao tutawatengenezea namba. Jana nilijaribu na cha baba. Kikatoka vizuri, hata ule mkwaruzo wa pazia umetoka. Shida ni kwamba namba imetoka kinyume, inasomeka kutoka kulia, na 7 imegeuka. Kuna fundi vigae humu?

---

MzeeWaTaa:

Mimi si fundi vigae, ila kwenye karakana ya taa tulikuwa tunafanya hivi. Huo uliotoka kinyume usiutupe. Uchome kwanza ukauke kabisa, kisha ugandamize HUO kwenye udongo mwingine. Utatoka sawa. Paka mafuta kidogo usigande. Na udongo husinyaa ukichomwa, tena unachoma mara mbili, kwa hiyo namba itakuwa ndogo kuliko shaba yenyewe. Waambie familia mapema wasije wakasema si chao.